Qatar Digital Library: nimesoma mafaili ya mkataba wa mafuta wa Kuwait, haya ndo maoni yangu

Naitumia Qatar Digital Library kama miezi miwili sasa, usiku nyumba ikishatulia, na nimeona niandike maana wapenzi wengi wa historia ya mafuta hawajui kama hii kitu ipo. Halafu ni bure. Sio ile bure ya kuonjeshwa wiki moja kisha unaombwa kadi ya benki, hapana, hata akaunti hufungui, unaingia unasoma unapakua unaondoka. Kabla yake nililipia tovuti nyingine ya nyaraka (siitaji jina) na nilichopata ni kurasa za ukungu ambazo hata ukizikuza herufi hazisomeki, hela ikaenda hivyo hivyo.

Kwa asiyeijua, hii ni maktaba ya mtandaoni iliyofunguliwa 2014 na Qatar Foundation, Maktaba ya Taifa ya Qatar na British Library ya London. Wamechukua mafaili ya zamani ya utawala wa Waingereza kule Ghuba wakayapiga picha ukurasa kwa ukurasa, mpaka jalada la faili, mpaka upande wa nyuma usio na kitu. Enzi hizo Ghuba ilisimamiwa kupitia India, bwana mkubwa wa Waingereza alikaa Bushire upande wa Uajemi (Iran ya leo) na chini yake kulikuwa na wakala wa kisiasa Kuwait na mwingine Bahrain, kwa hiyo kila jambo liliandikwa mara tatu nne, telegramu ya huku, nakala ya kule, memo ya London, na karibu zote zimebaki. Ndio maana hata pesa kwenye mikataba ni rupia, msishangae mkikuta.

Mimi nilikuwa natafuta jambo moja tu. Ilikuwaje mtawala wa Kuwait, Shekhe Ahmad al-Jaber Al-Sabah, akasaini tarehe 23 Desemba 1934 kuipa kampuni moja haki ya mafuta ya Kuwait nzima, nchi yote, kwa miaka 75? Hadithi tuliyoizoea ni kwamba watawala wa kule walirubuniwa, hawakujua thamani ya walichokalia, mzungu akaja na peremende akaondoka na nchi. Nimesoma mafaili hayo wiki kwa wiki na nasema wazi hadithi hiyo haimtendei haki yule mzee. Alijua sana anachofanya. Kilichomkwamisha ni kingine.

Anza na mazingira. Kuwait ya wakati ule ilikuwa inaishi kwa lulu na biashara ya bara, na vyote viwili vilikuwa vimekufa kwa pamoja: lulu za kufugwa za Wajapani na mdororo wa uchumi wa dunia viliua soko, na Ibn Saud, mfalme wa Saudia, alikuwa ameifungia Kuwait biashara na Najd, eneo la bara lililokuwa chini yake, kwa miaka mingi. Juu ya hapo kuna kidonda cha 1922 kule Uqair, ambapo afisa wa Waingereza, Sir Percy Cox, alichora mipaka na sehemu kubwa ya ardhi ambayo Kuwait iliihesabu kuwa yake ikaenda kwa Ibn Saud. Huyo ndiye mtu aliyeketi kwenye meza ya mazungumzo, hazina tupu na rafiki Mwingereza aliyemkatia shamba.

Na mikono yake ilikuwa imefungwa tangu kabla hajashika utawala. 1899 Shekhe Mubarak, mtawala wa Kuwait wa wakati huo, alikubaliana na Waingereza kutompa mtu ardhi bila ridhaa yao, halafu 1913 akaandika kwamba kibali cha mafuta hatampa yeyote isipokuwa yule atakayependekezwa na serikali ya Uingereza. Fikiria unauza nyumba lakini mnunuzi lazima akubaliwe na jirani.

Pamoja na hayo yote Shekhe Ahmad alipata mwanya, na hapa ndo mafaili yanakuwa matamu kiasi kwamba nilikuwa naangalia saa nakuta ni saa nane usiku. Walikuwepo wanunuzi wawili. Upande mmoja Major Frank Holmes, mtu wa New Zealand, aliyekuwa akiitafutia kibali Gulf Oil ya Marekani, upande wa pili Anglo-Persian, kampuni ya mafuta ya Waingereza, iliyomtuma kijana Archibald Chisholm. Waingereza mwanzoni walishikilia sharti kwamba kampuni lazima iwe ya Kiingereza, Wamarekani wakalalamika, na Aprili 1932 London ikalilegeza sharti hilo kwa Kuwait (Andrew Mellon, ambaye familia yake ndio ilikuwa na Gulf, mwaka huo huo alikuwa balozi wa Marekani London, hilo peke yake linahitaji usiku mzima). Kuanzia hapo Shekhe akawa na ofa mbili mkononi na akazichezesha vizuri mno, hakukimbilia kusaini, akawaacha wapandishiane. Ukisoma barua kwa tarehe zake unaona kabisa bei inavyosogea.

Halafu Desemba 1933 Gulf na Anglo-Persian wakaelewana wenyewe kwa wenyewe, nusu kwa nusu, wakaunda Kuwait Oil Company mwanzoni mwa 1934. Mnada ukaishia hapo. Holmes na Chisholm waliokuwa wapinzani jana wakarudi kwa Shekhe wakiwa wamekaa upande mmoja wa meza, na Machi 1934 kampuni ikawa tayari imeshasaini mkataba wake na serikali ya Uingereza, kabla Shekhe hajasaini wake. Hapo ndo nilipofunga laptopu nikatoka nje kidogo. Hukuhitaji kumdanganya mtu asiyejua kusoma mkataba, ilitosha kumwondolea mnunuzi wa pili.

Na bado alibishana karibu mwaka mzima! Alichopata mwisho ni rupia 475,000 siku ya kusaini, ambayo kwa kiwango cha wakati ule ni kama pauni 35,600, kisha mrabaha wa rupia 3 kwa tani, na kima cha chini rupia 95,000 kwa mwaka kabla mafuta hayajapatikana na 250,000 yakishapatikana. Rupia 3 ni shilingi 4 na peni 6 za Kiingereza, tani ina mapipa saba na kitu, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, ni kama peni 7 kwa pipa, na hapo hakuna mgao wa faida. Mgao wa nusu kwa nusu Kuwait ulikuja 1951. Kipengele kimoja nilichokipenda ni kwamba Shekhe alipata haki ya kuwa na mwakilishi wake London, na aliyemteua ni Holmes huyo huyo, kazi aliyoishika mpaka kufa kwake 1947. Kuna watakaosema alikosea, mimi nadhani alimchagua mtu aliyekuwa anaijua kampuni kwa ndani.

Kisima cha Burgan kikatoa mafuta Februari 1938, vita ikaingilia, meli ya kwanza ikapakia 1946.

Faili za Qatar nazo zimo, ila nimezipitia haraka. Shekhe Abdullah bin Jassim alisaini Mei 1935, miaka 75 tena, rupia 400,000 kwa kusaini. Tofauti ni kwamba yeye alibana kwenye siasa zaidi, akataka Waingereza wamlinde na wamtambue mwanawe Hamad kuwa mrithi, na mambo hayo yakaenda sambamba na mafuta. Ukisoma ya Kuwait kwanza hii utaielewa upesi.

Sasa kuhusu matumizi yenyewe. Kila faili ina maelezo mafupi mwanzoni ya nani anamwandikia nani na kuhusu nini, hayo ni dhahabu, yasomeni kabla ya kuzama maana faili moja linaweza kuwa na mamia ya kurasa. Picha zinakuzika vizuri sana, unaona mpaka alama za penseli pembeni ambapo afisa amebishana na mwenzake. Karatasi zilizopigwa taipu zina maandishi unayoweza kuyatafuta, zilizoandikwa kwa mkono inabidi usome kwa macho yako. Na kutafuta kuna ujanja wake, kwenye mafaili ya zamani jina linaandikwa Koweit, ukiandika Kuwait peke yake utakosa vitu vizuri. Lugha ni Kiingereza na Kiarabu, kwa anayejua Kiarabu ni faida kubwa kwa sababu barua nyingi za mashekhe zipo kwa asili yake pamoja na tafsiri ya ofisi ya wakala, unaweza kuzilinganisha.

Kitu cha kukumbuka kila ukurasa ni kwamba hili ni kabati la Mwingereza. Shekhe anaongea kwenye barua zake tu, yaliyosemwa barazani kwake, ushauri aliopewa na wafanyabiashara wake, hasira zake usiku ule alipojua wale wawili wameungana, humo hayamo isipokuwa pale afisa alipoona yanafaa kuripotiwa. Nimejizoeza nikisoma ripoti inayosema Shekhe ni mgumu au anachelewesha, naisoma kwamba Shekhe anajadiliana.

Nyota nne na nusu kwa maktaba, na nusu naibakiza mpaka siku nitakapokuta maelezo yake kwa Kiswahili pia. Kama una usiku mmoja tu, usianzie mwanzo. Ingia kwenye faili za Kuwait za 1933, soma barua za Oktoba na Novemba wakati ofa zote mbili bado zipo hai, kisha ruka moja kwa moja hadi Januari 1934 uone sauti ya kila mtu inavyobadilika.