Uzoefu wangu: zinki na magnesiamu kwa ugonjwa wa kurudiarudia

Nimetumia vidonge vya zinki miezi tisa na magnesiamu miezi mitatu, kwa ajili ya ugonjwa ambao daktari anauita OCD (wazo linang'ang'ania kichwani na kukulazimisha urudie tendo lilelile) na jirani yangu wa duka la vitambaa hapa Mwanjelwa, Mbeya, anauita wasiwasi. Nianze na jibu, maana anayetafuta habari hizi mara nyingi amekwishachoka: vidonge peke yake havikunisaidia. Kilichonitoa pale nilipokuwa ni dawa ya hospitali pamoja na mazoezi ya kukabili hofu. Ila kuna mambo kuhusu hii zinki ambayo laiti ningeyajua mapema, nisingepoteza fedha wala kuumwa tumbo.

Mimi ni wakala wa miamala ya simu, kwa hiyo kazi yangu ni kuhesabu. Ugonjwa ulinikamata hapohapo. Nahesabu laki tatu, misimbazi (noti za elfu kumi) thelathini, nafika ishirini na nane, linaingia wazo kwamba noti mbili zimegandana. Naanza upya. Nafika thelathini, wazo linasema hukuangalia vizuri. Naanza tena, na mteja amesimama na mtoto mgongoni. Wengi waliondoka wakaenda kwa wakala wa jirani, na siwalaumu.

Jioni ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nafunga kibanda, navuta kufuli. Naliona chuma limeingia, mkono unahisi limekaza, na bado moyo haukubali. Navuta tena. Napanda gari la Uyole, nikifika Sae nashuka, narudi. Usiku mmoja wa Juni, kwenye ile baridi yetu inayopasua midomo, nilirudi mara nne. Mama watoto alikuta kidole changu cha shahada kimechubuka pale ukingo wa kufuli unapokaa. Hakusema neno, alipaka mafuta tu.

Mama yangu, aliyeko Tukuyu, aliona nimefanyiwa kitu, akaniombea, na mimi nilisali naye na bado nasali. Jirani wa vitambaa ndiye aliyenipa neno la kwanza lililonituliza. Alisema, "Kaka, huo ni wasiwasi. Kwetu wapo wanaotawadha mara kumi na bado wanaona udhu haujatimia." Kumbe kuna wengine. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba kuna wengine.

Ndipo akaja muuzaji wa virutubisho. Alinishikisha kifaa fulani kiganjani, kikatoa ripoti kwenye simu yake inayosema zinki yangu iko chini sana na magnesiamu pia. Nilimwamini, maana nilitaka sana kuamini. Sasa najua kwamba zinki hupimwa kwa damu maabara, si kwa kushika chuma. Niliuziwa chupa mbili kwa shilingi 83,000: zinki ya miligramu 50 na magnesiamu ya 400. Akaniambia kuna utafiti wa Iran uliothibitisha zinki inatibu OCD.

Utafiti huo upo kweli, ulichapishwa 2012. Lakini alichoniambia ni nusu. Wagonjwa wenyewe hawakufika hata 30, walifuatiliwa wiki nane tu, na wote walikuwa wanakunywa fluoxetine, dawa ya hospitali. Zinki iliongezwa juu yake kwa kundi moja, na kundi hilo likapata nafuu kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na kitu. Yaani hakuna mtu pale aliyetibiwa kwa zinki peke yake. Kwa utafiti mdogo hivyo mtu anaweza kusema "jambo hili lifuatiliwe", hawezi kusema "nunua, utapona". Neno "fluoxetine" halikutoka kabisa mdomoni mwa muuzaji, na kwa ajili ya neno hilo moja nilichelewa miezi mitatu.

Kingine ni kipimo. Kwenye utafiti walitumia zinki sulfeti miligramu 440 kwa siku. Hiyo ni chumvi nzima, yaani zinki ikiwa imeungana na sulfeti, si zinki yenyewe. Sulfeti ya miligramu 220 ina zinki halisi kama 50 hivi. Kwa hiyo walikuwa wanapata karibu 100, na wako chini ya madaktari. Mtu mzima wa kiume anahitaji kama 11 kwa siku, na kiwango cha juu kinachoshauriwa kutoka vyanzo vyote ni 40. Kidonge changu kimoja tu kilikuwa kimeshavuka. Ukishika chupa, angalia kama wameandika uzito wa chumvi au wa zinki yenyewe, maana tofauti yake ni kubwa.

Nilianza kunywa asubuhi kabla ya chai. Dakika ishirini, kichefuchefu kikali, na ladha ya chuma mdomoni kama umelamba sarafu. Nilipohamishia baada ya chakula kilipungua. Magnesiamu nayo ililegeza tumbo, na kwa mtu anayekaa kibandani peke yake bila wa kumwachia fedha, hilo ni tatizo zito. Nilipunguza hadi nusu, tumbo likatulia. Usingizi ulikuwa mzuri kidogo, hilo naipa haki yake.

Lakini kuhesabu kulibaki vilevile. Nyuma ya daftari langu la miamala nilikuwa napiga mstari kila ninaporudi kuangalia kufuli. Wiki ya kwanza ya vidonge, mistari 26. Wiki ya kumi na mbili, 24.

Na kuna jambo ambalo hakuna mtu aliyenionya. Vidonge vyenyewe viliingia ndani ya ugonjwa. Nilianza kujiuliza kama cha leo nimekunywa. Namwaga chupa nzima mezani, nahesabu, natoa siku zilizopita, hesabu inakubali, naona labda viwili vilidondoka. Nakagua chini ya kitanda kwa tochi ya simu. Siku mbili nilimeza kingine ili roho itulie, na mara ya pili nikatapika. Usiku huo ndio mama watoto aliketi kitandani akasema, "Baba, hii dawa nayo umeshaigeuza kufuli. Kesho tunaenda hospitali, na mimi nafunga genge niende na wewe."

Tulienda kliniki ya afya ya akili. Nilitegemea kuzomewa. Daktari, mama wa makamo, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kuona chupa. Hakuzitupa. Alinieleza kwamba zinki ina kazi kwenye ubongo, inagusa mawasiliano ya seli zinazotumia glutameti, kemikali ya kupelekeana ujumbe, ndiyo maana watafiti wanaifuatilia, ila ushahidi ni mwembamba. Tiba zenye ushahidi wa kutosha ni mbili: dawa za kundi la fluoxetine na sertraline, na mazoezi ya kukabili hofu bila kufanya lile tendo. Aliniandikia fluoxetine miligramu 20 asubuhi, baadaye ikapandishwa. Akanionya kwamba kwa ugonjwa huu dawa huchukua wiki nane mpaka kumi na mbili kuonyesha kazi yake, kwa hiyo nisikate tamaa wiki ya tatu. Wiki ya tatu nilikata tamaa kweli, na nikayakumbuka maneno yake.

Magnesiamu aliisimamisha. Zinki aliniruhusu nusu kidonge, baada ya chakula, akaniambia ukizidisha kwa muda mrefu huzuia mwili kunyonya shaba na unaweza kuishia na upungufu wa damu. Tena nilipougua taifodi nikaandikiwa ciprofloxacin, dada wa famasi aliniuliza kama natumia madini yoyote. Zinki hushikana na dawa hiyo tumboni isifanye kazi. Ciprofloxacin inywewe saa mbili kabla ya zinki au saa sita baada yake. Ndugu yangu unayechanganya virutubisho na antibayotiki, taja kila unachokunywa, hata kama unaona ni vitamini tu. (Na ukifika famasi ukasema "naomba zinki" usishangae kuulizwa mtoto ana umri gani. Zile za miligramu 20 ni za watoto wanaoharisha, zinaenda pamoja na ORS siku 10 hadi 14. Usijinunulie kwa ajili ya mawazo.)

Mazoezi ndiyo yaliyokuwa magumu kuliko yote. Njia hii ilielezwa kwanza London mwaka 1966 na Victor Meyer, aliyewazuia wagonjwa wake kufanya yale matendo yao huku wakikabiliana na kinachowatisha. Kwangu mimi ilikuwa hivi: nifunge kufuli mara moja, nisilivute, nigeuke, nitembee mpaka barabarani, nisimame. Mara ya kwanza mwanasaikolojia alikuja nami. Tulisimama karibu na wauza maparachichi. Jasho lilinitoka kwenye baridi. Kichwani mlango ulikuwa wazi kabisa, nawaona vijana wanaingia, naiona droo ya fedha. Alinizuia nisijiambie "limefungwa", maana hiyo nayo ni njia ya kujituliza. Niseme tu "labda limefungwa, labda halijafungwa", nibaki pale. Hofu ilipanda, ikakaa, na baada ya kama dakika arobaini ikaanza kushuka yenyewe bila mimi kugusa chochote. Mpaka siku ile sikuwa najua kwamba hofu hushuka yenyewe. Nilikuwa sijawahi kuipa nafasi.

Mwezi wa tano wa dawa na mazoezi, mistari kwenye daftari ilikuwa 5 kwa wiki. Nikataka kujua sehemu ya zinki ni ipi. Kwa ruhusa ya daktari niliacha zinki peke yake, nyingine zote zikaendelea. Wiki nne: 5, 4, 5, 4. Basi nikaiacha moja kwa moja. Mimi ni mtu mmoja, daftari langu si maabara, lakini fedha ni zangu na uamuzi huo sijutii. Kama kipimo cha damu kimeonyesha upungufu, hilo ni jambo lingine, unatibu upungufu.

Sasa hivi madini nayatafuta kwenye chakula. Usipa wa Kyela, nyama tukiweza, mbegu za maboga nakaanga naweka kwenye mkebe kibandani. Maharage na mahindi yana zinki lakini yana pia kitu kinachoizuia isinyonywe, na kuloweka usiku kucha hukipunguza. Mama amekuwa akiloweka mahindi ya kande miaka yote kwa sababu zake mwenyewe.

Mwezi uliopita yule muuzaji alipita tena na mkoba wake. Sikugombana naye. Nilimfungulia kurasa za nyuma za daftari, nikamwonyesha wiki moja baada ya nyingine, za vidonge peke yake na za hospitali. Alizisoma kimya, kidole kikifuata mistari. Kisha akaniuliza kliniki huwa ni siku gani, maana dada yake huko Mbalizi ananawa mikono mpaka inatoka damu.