Uzoefu wangu na mdadm: kubadilisha diski iliyokufa kwenye RAID 1

RAID 1 ni diski mbili zinazobeba data ileile, na mdadm ni programu ya Linux inayoziendesha kama safu moja. Kwa kazi ya kuirudisha RAID 1 iliyopoteza diski, mdadm naipa alama za juu. Seva haizimiki, mafaili yanaendelea kusomeka, na diski mpya ikiingia hujazwa yenyewe. Lakini hutii amri mbaya kama inavyotii nzuri, kwa hiyo hatari kubwa iko kwenye mkono wako kabla ya ujazaji kuanza.

Tazama /proc/mdstat, faili inayoonyesha hali ya safu. Safu nzima huandika [2/2] [UU]. Iliyopungukiwa huandika [2/1] [U_], na patisheni (kipande cha diski) iliyokataliwa huwekewa (F). Kistari kile cha chini ni kidogo mno kutegemewa na macho. Weka MAILADDR (anwani yako ya barua pepe) kwenye mdadm.conf, kisha ijaribu kwa `mdadm --monitor --scan --oneshot --test`. Barua isipofika, diski ya kwanza inaweza kufa kimyakimya ukaja kujua siku pacha wake anapoifuata.

Usikimbilie kununua. Soma `smartctl -a`, yaani ripoti ya afya, ya diski zote mbili. Current_Pending_Sector (sekta zinazosubiri kwa kuwa hazisomeki) na Reallocated_Sector_Ct (zilizohamishwa) zikipanda, diski inakwisha. Zikiwa sifuri huku UDMA_CRC_Error_Count (makosa ya kusafirisha data) ikiongezeka, mkosaji kwa kawaida ni kebo ya SATA au mahali ilipochomekwa. Badilisha kebo na utumie `--re-add`: safu yenye bitmap (kumbukumbu ya sehemu zilizoandikwa) itasawazisha sehemu zilizobadilika tu. Hesabu ya CRC hairudi sifuri hata baada ya kebo mpya, kwa hiyo angalia kama imesimama.

Diski iliyobaki nayo ichunguzwe kwa uzito uleule, maana ujazaji utaisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikiwa ina sekta zinazosubiri, toa nakala ya mafaili muhimu kwanza, ndipo uendelee.

Halafu itambue diski mbovu kwa namba yake ya pekee (serial) iliyo kwenye lebo. Majina sda na sdb yanaweza kubadilishana baada ya kuwasha mashine upya. `ls -l /dev/disk/by-id` huonyesha namba hiyo. Iandike kwenye karatasi, ilinganishe na lebo herufi kwa herufi, ndipo ushike bisibisi. Ukichomoa pacha mzima seva ikiwa inafanya kazi, safu inabaki bila diski hai.

Mbovu ikiwa sdb, itoe hivi:

`mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdb1 --remove /dev/sdb1`

Diski mpya isiwe ndogo hata kidogo. Mbili zilizoandikwa 4 TB zinaweza kutofautiana, na mdadm itaikataa patisheni isiyotosha. Pima kwa `blockdev --getsize64`. Kwa anayejenga safu sasa, acha MB 100 hivi bila kutumika mwishoni mwa kila diski.

Sasa sda ni diski iliyobaki na sdb ni mpya. Nakili jedwali la patisheni la aina ya GPT kwa `sgdisk -R /dev/sdb /dev/sda`, halafu `sgdisk -G /dev/sdb` ili vitambulisho visifanane. Hapa simama usome tena: inayofuata -R ndiyo inayoandikwa, na chanzo hukaa mwisho, kinyume cha `cp`. Ukizigeuza, jedwali tupu linaandikwa juu ya diski yako pekee iliyo hai. Kisha:

`mdadm /dev/md0 --add /dev/sdb1`

Kwa wastani wa MB 150 kwa sekunde, 4 TB huchukua saa saba na nusu hivi. Seva ikiwa na shughuli nyingi, kerneli hupunguza mwendo, na kiwango cha chini cha kawaida ni KB 1000 tu kwa sekunde. Kipandishe kwa `echo 50000 > /proc/sys/dev/raid/speed_limit_min`. Watumiaji watahisi uzito, lakini mimi ningeharakisha, kwani muda huo wote data iko kwenye diski moja.

Lalamiko langu kubwa ni upande wa kuwasha mashine, ambao mdadm haiugusi. Kwenye mashine zinazowaka kwa BIOS (mfumo wa zamani), endesha `grub-install /dev/sdb` ili diski mpya nayo iweze kuiwasha. Kwenye UEFI (mfumo mpya), patisheni ya EFI, yenye mafaili ya kuwasha mashine, mara nyingi iko nje ya safu: ya diski mpya ifomati vfat, nakili yaliyomo, uisajili kwa efibootmgr. Usipofanya hivyo, sda ikifa data itakuwa salama ndani ya mashine isiyowaka.

Na kama diski mbovu bado inasomeka na mashine ina nafasi ya diski ya tatu, usitumie `--fail`. Ongeza mpya kisha `mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdb1 --with /dev/sdc1`. Ya zamani haitolewi mpaka mpya ijae. Hii ndiyo sehemu ya mdadm ninayoipenda kuliko zote, na wengi hawaitumii.

[UU] ikirudi, endesha `echo check > /sys/block/md0/md/sync_action` ili diski zote mbili zisomwe zote, kisha rudi kwenye smartctl uone kama kuna sekta mpya zinazosubiri.