Nilikwenda kujitolea damu Bukavu, nikaambiwa nafuata makuta (pesa)

Naandika hasira ikiwa bado ya moto: kama yule mpokezi wa kituo kile cha damu bado amekaa mlangoni, simshauri mtu aende.

Ulikuwa msimu wa mvua, Kadutu yote matope. Nimefika, hata uso hakuinua kwenye simu. "Uko na mugonjwa hapa?" Nikamjibu sina, nimekuja kujitolea. "Sasa unamutolea nani?" Yeyote mwenye haja. Akacheka, akawageukia waliokaa kwenye benchi: "Huyu anafuata makuta." Mbele za watu! Kisha akaiona karatasi yangu ya kundi la damu. "AB? Rudi tu, papa. Sisi tunatafuta O."

Hapo nilichemka kabisa. Ni kweli seli nyekundu za AB zinamfaa AB mwenzake tu. Lakini zaidi ya nusu ya damu, kama asilimia 55, ni plazma: maji ya manjano yenye albumini, kingamwili na protini za kugandisha damu. Na kwenye plazma mambo yanageuka. Ya AB haina kingamwili za kupigana na A wala B, kwa hiyo mtu wa kundi lolote anaweza kuipokea, hata mama anayevuja damu akiisha kuzaa. Ikigandishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, inakaa mwaka mzima, wakati seli nyekundu hazimalizi miezi miwili. Mtu anakaa mlango wa damu na hayo hayajui?

Tena katika Kongo hii! Kikwit, 1995, wagonjwa 8 wa Ebola walipewa damu ya waliopona, 7 wakaishi. Wataalamu bado wanabishana kama ni damu ile iliyowaponya, lakini kingamwili ya mmoja wa waliopona Kikwit ndiyo iliyozaa dawa ya Ebola iitwayo mAb114, ikaja kujaribiwa kwa jirani zetu wa Kivu Kaskazini.

Aliyenizuia kuondoka ni dada wa maabara. Alisikia makelele, akatoka: "Papa, utusamehe, ingia." Akafungua friji, akanionyesha poshi, ule mfuko wa damu, iliyosimama tangu jana yake: chini nyekundu nzito, juu manjano safi kama mafuta ya alizeti. Halafu akanieleza ukweli, kwamba mashine ya kutenganisha hawana. Poshi inakwenda kwa mgonjwa nzima nzima, na AB nzima inamngoja AB.

Basi mpokezi alikuwa na haki? Kwa hesabu ya friji, pengine. Kwa mdomo wake, hata kidogo. Angeandika tu namba yangu ya simu, kama alivyofanya yule dada.

Na kweli walinipigia. Usiku, mama wa AB, uzazi umekwenda vibaya. Nilipanda moto (pikipiki), wakanipima uzito, presha na damu ya kidole, wakatoa mililita 450, wakanipa fanta na asante ya kweli. Mama yule alipona. Sasa nitasemaje msiende? Nendeni, ila mpitie mlango wa maabara. Na ninyi wakubwa wa kituo, huyo bwana mumpeleke kwenye kazi isiyo na watu, na bajeti ikipatikana mnunue mashine ya plazma kabla ya kupaka ukuta rangi.