Ripea kiti, masta isiyo na jina au Aisin: kipi ununue klachi ya Hilux LN106 inapogoma kukata

Ukifika kwenye duka la spea ukasema klachi ya Hilux LN106 haikati, yaani haitenganishi injini na giaboksi ukiikanyaga, utawekewa mezani vitu vitatu. Kuna ripea kiti ya Seiken, chapa ya Kijapani, yaani boksi dogo lenye vipira vya silinda. Kuna masta nzima, yaani silinda ya juu inayosukumwa na pedeli, isiyo na jina lolote. Kuna masta nzima ya Aisin. Bei zake zimeachana mbali, na muuzaji atakusukumia ile aliyonayo. Jibu letu ni fupi: ripea kiti ndiyo nunuo bora, ila kwa silinda ambayo bado ni laini ndani. Ikishachimbika, chukua Aisin. Hiyo isiyo na jina ichukue tu baada ya kuipima hapohapo dukani, kwa namna tutakayoeleza.

Ila usitoe hela kabla hujajua kinachoumwa. Masta nyingi hubadilishwa zikiwa nzima.

Klachi hii hukatwa kwa mafuta ya breki: pedeli husukuma masta ya juu, mafuta hupita bombani na kusukuma silinda ya chini. Anza chini, kwenye silinda hiyo iliyofungwa ubavuni mwa nyumba ya klachi. Inua kava la mpira la vumbi. Ukikuta mafuta yamejaa humo, kipira cha ndani kimekwisha. Kisha ingia ndani ya gari, pitisha kidole nyuma ya pedeli pale fimbo inapoingia kwenye ukuta wa injini. Pakiwa pamelowa, au rangi ya ukuta imeanza kuvimba na kubanduka, masta ya juu inavuja kwa nyuma. Mafuta ya breki hula rangi, kwa hiyo alama hiyo haidanganyi.

Pote pakiwa pakavu, mtu mmoja akanyage pedeli mpaka mwisho na kuishikilia dakika nzima, mwingine alale chini aangalie fimbo ya silinda ya chini. Fimbo ikitoka halafu ikaanza kurudi polepole wakati mguu haujaondoka, mafuta yanapenya ndani kwa ndani kwenye kipira cha mbele cha masta ya juu na kurudi kwenye kopo la mafuta. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu kopo halipungui hata kidogo na hakuna tone linalodondoka. Dereva anaona gia zinaingia vizuri akiondoka, ila akisimama kwenye foleni na klachi ameikanyaga, gari linaanza kusogea lenyewe.

Fimbo ikitoka kidogo kwa mkanyago wa kwanza, na ikaongeza mwendo baada ya kupampu mara tatu au nne, huo ni upepo. Na ikitoka vizuri, ikatulia, lakini rivasi bado inakwaruza, usinunue chochote kati ya hivi vitatu. Tatizo liko ndani: foku (uma unaosukumwa na fimbo ya silinda ya chini) iliyolika, diski iliyogandiana na flaiwili, lile gurudumu zito la injini, baada ya gari kukaa muda mrefu, au beringi ndogo ya mwisho wa krenki iliyokwama na kuizungusha shafti ya giaboksi hata klachi ikiwa imekata.

Pedeli nayo itazame, tena kwa tochi. Kwenye Hilux za umri huu bati linaloshika pedeli hupasuka kwenye maungio, na tundu la pini ya fimbo hulika mpaka likawa na umbo la yai. Bonyeza pedeli kwa mkono huku unaangalia ile pini: mkono wa pedeli ukisogea kabla fimbo haijasogea, mwendo wote huo umepotea bure. Pini mpya na bushi yake ni vitu vya bei ndogo, na bati lililopasuka huchomelewa. Masta mpya juu ya bati lililopasuka haitasaidia kitu.

Sasa tuje kwenye ripea kiti. Ubora wake uko kwenye mpira wenyewe: midomo ya vipira ni mikali, haina ndevu za kalibu, na ukiibana kwa vidole inarudi umbo lake mara moja. Kipira kilichokaa rafu miaka mingi utakijua kwa kukikunja, maana huwa kikavu na huonyesha nyufa ndogo kwenye ukingo. Hicho kirudishe. Nunua ya juu na ya chini kwa pamoja. Ukiweka vipira vipya juu peke yake, kile cha chini, chenye umri uleule wa kile ulichotoa, mara nyingi hufuata kuvuja.

Thamani yote ya ripea kiti inategemea ukuta wa silinda. Ukishatoa klipu na kizibo (pistoni), osha ndani kwa mafuta safi ya breki au spiriti, kausha kwa kitambaa kisicho na nyuzi, kisha elekeza tundu kwenye jua. Ukuta mzuri hung'aa kama kijiko. Ukiona pete ya rangi ya kahawia au vidoa vyeusi, pitisha ncha ya mti mwembamba wa mshikaki: ikiteleza bila kukwama, ni doa tu, na msasa namba 1000 uliolowa kwenye mafuta ya breki, ukizungushwa kwa kidole, utalitoa. Usiuvute kwenda mbele na nyuma, maana mikwaruzo ya urefu huwa mifereji ya kupitisha mafuta. Ncha ikikwama kwenye shimo, silinda imekufa. Ukiendelea kuisugua unaipanua tu, na mdomo wa kipira kipya hautagusa ukuta sawasawa. Mashimo haya huletwa na maji: mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, unyevu hutulia sehemu ya chini ya silinda, na chuma hulika hapo.

Usioshe kwa petroli wala dizeli. Vipira vya mfumo huu huvimba vikiguswa na mafuta ya asili ya petroli, na kwa sababu hiyo hiyo usipake grisi ya kawaida. Vipake mafuta ya breki yenyewe, na uviingize mdomo ukitazama upande wenye presha. Kipira kilichogeuzwa hakijengi presha kabisa.

Masta isiyo na jina kasoro yake si kwamba ni mpya kutoka kiwanda kisichojulikana. Tatizo ni vipimo. Mwilini mwa silinda nyingi za Kijapani utakuta kipimo cha kipenyo kimeandikwa kwa inchi, mfano 5/8, 3/4 au 13/16. Linganisha na ulichotoa kwenye gari, cha juu kwa cha juu na cha chini kwa cha chini. Tofauti inaonekana ndogo ila hesabu yake ni kubwa: ukiweka silinda ya chini ya 13/16 mahali palipokuwa na 3/4, mwendo wa fimbo unapungua kwa karibu asilimia 15 kwa mkanyago uleule. Pedeli itakuwa laini na ya kupendeza, lakini klachi haitakata mpaka mwisho, na utatoa upepo siku nzima wakati upepo haumo.

Ukiwa dukani, sukuma kizibo kwa bisibisi butu na ukiachie. Kinatakiwa kirudi chenyewe, haraka, mpaka kigonge klipu. Kikisita, acha. Weka fimbo yake kando ya ile ya zamani, ulinganishe urefu na hatua ya uzi. Angalia pia uzi wa pale bomba la chuma linapoingia, kwa kuijaribu nati ya zamani kwa mkono. Masta ikipita vipimo hivi vyote, ni kitu cha kufaa kwa gari linalotaka kumalizia muda wake.

Aisin ndiyo ya kuweka na kusahau, kwani ni kampuni ya kundi la Toyota na sehemu zake nyingi za klachi zilifungwa kiwandani. Boksi lisikuridhishe, kwa sababu maboksi huchapishwa. Tazama chuma: jina liwe limetoka pamoja na mwili kwenye kalibu, herufi kamili, na uso wa ndani usiwe na alama za kukatia. Ikiwa bajeti inatosha kwa kitu kimoja kipya tu, na silinda zote mbili zimechimbika, acha gari lisimame mpaka upate zote mbili.

Kwa mafuta, chupa ya nusu lita ya mafuta ya breki ya DOT 3 iliyofungwa inatosha kuosha mfumo na kuujaza. DOT 4 inakubali pia. DOT 5 ya silikoni usiiguse.

Kutoa upepo kwenye gari hili kunataka utaratibu. Jaza kopo, fungua skrubu ya kutolea upepo kwenye silinda ya chini kwa spana, acha mafuta yashuke yenyewe mpaka yatoke bila mapovu, funga. Kisha akanyage mmoja polepole na kushikilia, mwingine afungue robo mzunguko na kufunga kabla pedeli haijaachiwa. Kopo lisishuke chini ya nusu. Pedeli ikikataa kupanda, fungua boliti mbili za silinda ya chini, ishike tundu la bomba likiwa juu, na usukume fimbo ndani taratibu mpaka mwisho. Mapovu yatapanda mpaka kopoani, utayaona yakitokea. Mtu asiguse pedeli wakati silinda imening'inia, la sivyo kizibo kitaruka nje na kazi itaanza upya.

Mwisho rekebisha fimbo ya masta. Juu ya pedeli pawe na uchezaji wa milimita 1 hadi 5 kabla fimbo haijagusa kizibo, na uchezaji wote wa pedeli, mpaka uzito wa klachi uanze kusikika, uwe milimita 5 hadi 15. Fimbo ikirefushwa kupita hapo, kizibo hakirudi kikamilifu, njia ya kurudishia mafuta inabaki imezibwa, na joto likipanda mafuta hutanuka bila pa kwenda. Klachi inaanza kuteleza kwenye mlima na diski nzuri huunguzwa hivyo. Kulijua ni rahisi: klachi ikiwa inateleza, fungua skrubu ya chini. Mafuta yakiruka na klachi ikashika tena, kosa liko kwenye fimbo au hozi iliyoziba kwa ndani, wala si diski.

Baada ya wiki moja fungua kopo. Mafuta yakiwa bado na rangi ya asali hafifu, kazi imekaa. Yakiwa meusi mapema hivyo, huenda ile hozi ya zamani inamenyeka, na inafaa kubadilishwa kabla chembe zake hazijafika kwenye vipira vipya.