Kugandisha mayai kabla ya kemo: huduma tuliyopata Dar tukitokea Kigoma

Naanza na jibu kabisa mana najua kuna mtu atasoma hii akiwa na majibu ya biopsi, kile kipimo cha kinyama, mkononi na hana muda wa kuzungushwa. Inawezekana. Mwanamke aliyekutwa na saratani ya titi na ameambiwa ajiandae kwa kemo, zile dripu za dawa za kuua saratani, anaweza kuvunwa mayai yakagandishwa kabla ya dripu ya kwanza, hapa hapa Tanzania, na mkiwahi kuulizia zoezi zima linaingia ndani ya zile wiki mbili tatu ambazo mgonjwa anakuwa bado anazungushwa kwenye vipimo na kusubiri kupangiwa tarehe. Jina la kliniki siliweki, Dar ziko zaidi ya moja zinazofanya na mimi nimeingia moja tu, kwahiyo naongelea huduma ilivyo na nini cha kuuliza ukifika.

Mgonjwa ni mdogo wangu, ana miaka 31, mwalimu wa shule ya msingi, hajaolewa na hana mtoto. Kwetu ni Ujiji. Uvimbe aliugundua mwenyewe akioga, tukaanzia hapa hapa mjini, kinyama kikachukuliwa, majibu yakaja kwamba ni saratani na inalishwa na homoni, alafu ikawa safari. Wa Kigoma tunajua, kwa kemo wengi wetu ni Bugando Mwanza au Ocean Road Dar, na kwa reli Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, mtu unashuka kwenye treni umechoka kabla hata hujamuona daktari.

Sasa kitu kinachoniuma mpaka leo. Huko alikoandikiwa kemo, hospitali siitaji, tulikalishwa tukaelezwa vizuri tu habari za nywele kunyonyoka, kutapika, vidonda mdomoni, damu kushuka, kula matunda yaliyooshwa vizuri. Kizazi hakikutajwa hata kidogo. Tunakaribia kunyanyuka ndo mdogo wangu akauliza kwa sauti ya chini, "Dokta, nikimaliza hizi dawa nitakuja kuzaa?" Daktari akanyamaza kidogo, akaweka kalamu chini, akasema ukweli kwamba anaweza akazaa na anaweza asizae, na kama jambo hilo ni muhimu kwake basi lishughulikiwe sasa hivi kabla ya dripu. Akaandika barua siku ileile. Namshukuru sana yule daktari, hakutuficha. Lakini je, angekuwa ni binti anayeona aibu kuuliza mbele ya wanafunzi wa udaktari waliojaa mle ndani? Chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, tangu 2006 kina mwongozo kwamba daktari ndo anatakiwa aanzishe haya mazungumzo, tena mapema kabla tiba haijaanza, asisubiri kuulizwa. Natamani sana huku kwetu iwe hivyo, hata kama mgonjwa katoka kijijini na anaonekana hana hela, mwache aseme mwenyewe hana.

Sababu ya kuharakisha ni hii. Kwenye mchanganyiko wa kemo unaotumika sana kwa titi, ule wanauita AC, ile C ni saiklofosfamaidi, na hiyo dawa inaua mayai yaliyoko kwenye ovari. Mayai mwanamke anazaliwa nayo yote, ni akiba ya ghalani ambayo hakuna msimu wa kuijaza tena. Umri unasaidia, aliye chini ya miaka 35 ana nafasi kubwa ya kurudisha siku zake kuliko wa miaka 40, ila hapa watu wengi wanachanganya, siku kurudi siyo lazima iwe kizazi kiko salama, unaweza ukaendelea kuona damu kila mwezi huku akiba imebaki kidogo na ukakoma hedhi mapema.

Kliniki yenyewe nikiri ilinipa moyo. Tulifika na ile barua, wakatuweka mbele ya foleni, sista akasema wagonjwa wa saratani hawasubirishwi mana wana tarehe. Siku ileile damu ikachukuliwa kupima AMH, hicho ni kipimo cha kukadiria akiba ya mayai, wakapima na HIV na homa ya ini, alafu utrasaundi ya ndani kuhesabu vifuko vinavyobeba mayai. Wakati huo mdogo wangu alikuwa katikati ya mwezi, tukajua tutaambiwa mrudi mkianza hedhi, kumbe siku hizi hawasubiri, wanaanza sindano siku yoyote ya mzunguko na mayai yanapatikana vizuri tu. Hiyo peke yake iliokoa kama wiki mbili.

Hofu yetu kubwa ilikuwa homoni. Kama uvimbe wenyewe unakula homoni, hizi sindano za kukuza mayai si ndo tunaulisha? Daktari akasema swali ni zuri, akaelezea kwamba kwa saratani ya titi wanaongeza vidonge vya letrozoli kila siku tangu sindano ya kwanza, vinabana istrojeni isipande sana, na kwamba wanawake waliofuatiliwa miaka kadhaa baada ya kufanya hivi saratani haikuonekana kuwarudia zaidi ya wale ambao hawakufanya. Alitoa karatasi akachora ovari, akachora na kifuko kinavyokua, mtu hata kama hukufika sekondari unaelewa. Hapo nawapa alama zote.

Sindano zinachomwa siku kumi mpaka kumi na nne hivi, kwenye mafuta ya tumbo chini ya kitovu, na mgonjwa anajichoma mwenyewe au anachomwa na ndugu. Sista alitufundisha taratibu, unabana ngozi na vidole viwili, unaingiza sindano moja kwa moja, unasukuma, unahesabu mpaka kumi bila kuchomoa ndo unatoa, mana ukichomoa haraka dawa inavuja na hiyo dawa tone moja ni hela. Akanisimamia mimi nikamchoma mdogo wangu pale pale mbele yake, akarudia mara ya pili mpaka mkono ukaacha kutetemeka. Tatizo likaja kwenye friji, tulifikia kwa shangazi na umeme mtaani kwake unakatika hovyo, tukampigia sista usiku akapokea, akasema tafuta deli dogo na barafu lakini dawa isigusane na barafu, ifunge kwenye taulo, mana ikiganda imeharibika. Kumpata mtu saa nne usiku akakujibu bila kukukaripia, mjini pale, hilo jambo silisahau.

Kila baada ya siku mbili tatu unarudi kwa utrasaundi. Kwa binti ambaye hajaolewa hiki kipimo cha ndani ni mtihani, ila walimheshimu, mlango unafungwa, shuka anapewa, aliyekuwepo ndani ni daktari wa kike na sista mmoja basi. Vifuko vikifika saizi wanakupangia sindano ya mwisho ya kuivisha mayai, hiyo sasa ina saa yake kamili, siyo jioni jioni, mana kuvuna kunafanyika kama saa 36 baadaye na ukikosea muda mayai yanaweza kutoka yenyewe yakapotea. Tuliweka alamu simu tatu, ya kwangu, ya kwake na ya shangazi. Siku ya kuvuna analazwa usingizi mwepesi, sindano inapita kwa ndani ikiongozwa na utrasaundi, kazi yenyewe haifiki hata nusu saa na hakuna kupasuliwa. Yalipatikana 14, yaliyokomaa 11, hayo ndo yakagandishwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi hasi 196. Alitoka na maumivu kama ya hedhi na tumbo limejaa kwa siku chache, akaendelea na ratiba yake ya kemo bila tarehe kusogezwa.

Nilipenda kwamba hawakutupamba. Daktari alisema wazi yai lililogandishwa siyo mtoto, litayeyushwa, mengine hayatafika, mengine yatarutubishwa yakaishia njiani, kwahiyo 11 ni nafasi nzuri kwa umri wake lakini siyo ahadi. Pia alieleza kwamba aliyeolewa anaweza kugandisha viinitete yaani yai lililokwisha rutubishwa na mbegu za mume. Kwetu hilo halikuwepo, hajaolewa na dini yetu iko wazi, akachagua mayai peke yake na hakuna aliyemsukuma.

Sasa malalamiko. Fomu ya ridhaa ni kurasa nyingi na yote iko kwa Kiingereza kigumu. Sista alikaa akaisoma kipengele kwa kipengele kwa Kiswahili, ila mgonjwa anasaini karatasi ambayo hawezi kuirudia nyumbani. Na humo ndani kuna kipengele kinauliza ukifariki mayai yafanyweje, yateketezwe, yatumike kwenye utafiti au apewe mtu mwingine. Mdogo wangu alifika hapo akaniomba nitoke nje. Sijui alichagua nini na sijamuuliza. Swali lazima liulizwe, naelewa, lakini mtu amejua ana saratani juzi tu, aandaliwe kidogo kabla ya kuliona kwenye karatasi, na hiyo fomu iandikwe Kiswahili, siyo kazi ya mwaka.

Lingine ni bei. Tulitajiwa jumla, tukapigiana simu ukoo mzima, baba mdogo akauza mashine ya boti kule Kibirizi, tukafika na hela kamili ndo tunaambiwa ile bei ni ya kuvuna na maabara, dawa za sindano unanunua pembeni, na dawa ndo mlima wenyewe. Ni mamilioni, na bima tuliyonayo haikugusa hata shilingi. Alafu kuna ada ya kutunza kila mwaka. Hakuna aliyetudanganya ila hakuna aliyetuambia kitu chote kwa mara moja, na kwa mtu aliyetoka mkoani hiyo ni tofauti ya kubaki au kugeuza. Kwahiyo ukipiga simu uliza vitu hivi kwa majina, vipimo, dawa, kuvuna, usingizi, kugandisha, ada ya mwaka, na siku ukija kuyatumia kuyeyusha na kupandikiza ni shilingi ngapi.

Na kama hela hamna au daktari wa saratani amesema ugonjwa unakimbia haturuhusiwi kusubiri, ulizia sindano ya goserelini, wengi wanaijua kwa jina la Zoladex. Inachomwa tumboni kila baada ya siku 28 na inatakiwa ianze angalau wiki moja kabla ya kemo, inalaza ovari. Utafiti uliotoka 2015 kwa wanawake ambao saratani yao hailishwi na homoni ulionyesha ambao ovari zao ziliacha kufanya kazi baada ya miaka miwili ni asilimia 8 kwa waliochoma na asilimia 22 kwa ambao hawakuchoma. Haichukui nafasi ya kugandisha, ila ni bora kuliko kukaa mikono mitupu, na mdogo wangu alipewa vyote viwili. Katikati ya kemo pia usishike mimba, walio na waume watumie kinga isiyo ya homoni.

Saivi kamaliza dripu, kafanyiwa operesheni, anameza tamoksifeni, vidonge vya kuzuia homoni isilishe saratani, na hiyo ni miaka mitano mpaka kumi, na ukiwa unavimeza hutakiwi kushika mimba. Ndo pale mama yetu akasema sasa atazaa lini, si mmetupa hela. Hapana. Kuna utafiti unaitwa POSITIVE, matokeo yalitoka 2023, zaidi ya wanawake 500 wa miaka 42 kushuka chini walisimamisha vidonge baada ya kuvimeza miezi 18 mpaka 30, wakapumzika mpaka miaka miwili watafute mtoto, na kwa kipindi walichofuatiliwa saratani haikuwarudia zaidi ya wenzao. Hiyo ni kwa ruhusa ya daktari na baada ya dawa kutoka mwilini kwanza, siyo kujiamulia. Mama alipoelezwa hivyo akatulia. Mwanzoni alikuwa anasema uhai kwanza watoto Mungu atajua, na majirani nao walishaanza maneno yao kwamba kizazi kimefungwa na mtu. Mimi namuelewa mama, alikuwa anaogopa kumzika mwanae. Lakini mdogo wangu alivyojua kuna kitu chake kimewekwa mahali alikaa kwenye kiti cha kemo tofauti kabisa, alikuwa anaongelea darasa lake na mwaka kesho.

Maweni na hospitali nyingine za mikoa yetu hatuzidai zianze kugandisha mayai. Tunachoomba ni pale majibu ya saratani yanapotoka kwa msichana au mama ambaye bado anataka kuzaa, aulizwe, na apewe barua hapo hapo, asiende kuligundua Dar dripu ishawekwa.

Kwa ujumla hiyo kliniki naipa nne kati ya tano, moja nimeikata kwa bei na fomu. Ukimaliza usiondoke bila nakala ya mkataba na karatasi inayoonyesha idadi ya mayai na tarehe. Na kama utabadilisha laini ya simu wajulishe mapema, mana bili ya kutunza inatumwa kwa Watsapu na mkataba wetu unasema ada isipolipwa kwa muda walioweka wana haki ya kuacha kuyatunza, sisi tumewapa namba yangu, ya mdogo wangu na ya shangazi aliyeko Dar ambaye ndo anaenda kulipia kwa mkono na kuchukua risiti.