Makochi ya Keko, Rangi ya Kuchanganywa na Balbu za Kariakoo: Tathmini ya Sebule Moja

Kati ya Machi na Juni nilipamba upya sebule ya nyumba yetu iliyoko Kinyerezi, jijini Dar es Salaam, ambayo ni chumba cha mita 5 kwa 4 chenye dari ya jipsamu na dirisha moja kubwa linalotazama magharibi. Kazi hiyo ilinipitisha sehemu tatu: karakana ya samani huko Keko, duka la rangi lenye mashine ya kuchanganyia, na duka la taa la Kariakoo. Nimeamua kuzitathmini zote tatu kwa pamoja kwa sababu nimetambua, baada ya kulipa, kwamba huwezi kuipima moja ukaziacha nyingine. Kochi nililolisifu karakanani lilinichukiza lilipofika nyumbani, na kosa halikuwa la seremala. Nilinunua kwa mpangilio ambao karibu kila mtu ninayemfahamu huufuata, yaani samani kwanza, rangi baadaye, na taa mwishoni kabisa kwa fedha iliyobaki, na mpangilio huo ndio ulionilazimu kupaka kuta mara mbili.

Nianze na Keko. Anayetoka nje ya Dar es Salaam na hajafika huko afahamu kwamba ni eneo la wilaya ya Temeke ambako karakana za useremala zimefuatana, makochi yamepangwa hadi kando ya barabara, na kila baada ya hatua chache kuna mtu anayekuita uingie kwake. Faida yake kubwa kuliko maduka ya samani zilizoagizwa kutoka nje si bei, kwa kuwa bei za Keko za siku hizi si za kuchekesha tena. Faida ni kwamba unaweza kuiona fremu kabla haijavikwa kitambaa. Kochi lililokwisha kuvikwa halisemi ukweli. Unaona kitambaa na mishono, lakini kinachobeba uzito wa watu wazima watatu kimefichwa ndani.

Mwenye karakana niliyoichagua aliniambia, "Dada, hii ni mninga mtupu." Nikamwomba aigeuze fremu juu chini na kuikwangua kidogo kwa ncha ya bisibisi mahali pasipoonekana. Miguu na mikono ilikuwa mninga kweli, wenye ule wekundu wa kahawia unaofahamika, lakini mbao za ndani zilikuwa paini iliyopakwa rangi ikafanana na mninga. Hakukasirika wala kubabaika. Alisema tu kwamba kama ningetaka mninga kote, bei ingekuwa nyingine. Jibu hilo naliheshimu, ingawa ningeliheshimu zaidi kama angelitoa kabla sijaomba bisibisi. Paini ya ndani si balaa ikiwa imekauka vizuri na imetiwa dawa ya mchwa. Balaa ni mbao mbichi, ya mti wowote, kwa sababu itaendelea kukauka ikiwa imeshakuwa samani, ipinde au ipasuke, na viungo viachie. Mninga umependwa miaka yote kwa sababu husinyaa kidogo sana unapokauka, na mkongo ni mzito na mgumu zaidi, ingawa kuubeba ghorofani ni adhabu. Anayetaka mti wa kupandwa badala ya ule wa msitu wa asili aulizie msaji, ambao hulimwa katika mashamba ya serikali kama Longuza huko Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro.

Viungo vya fremu yangu vilikuwa vya ulimi na tundu, vikatiwa gundi, na misumari ikatumika kwa kushikilia tu. Kwa kazi ya mbao, basi, karakana ile naipa alama za juu. Tulikubaliana shilingi 1,650,000 kwa seti ya watu saba, nusu nikalipa papo hapo, na kitambaa nilichokichagua kilikuwa mahameli ya kijani kizito kama jani la mwembe.

Lawama zangu ni mbili. Kwanza, wiki mbili nilizoahidiwa zilikuwa tano, na katika hizo wiki tatu za ziada kila simu niliyopiga ilijibiwa kwamba kazi iko kwenye msasa. Sijui ni msasa wa aina gani unaochukua siku ishirini. Pili, na hili ndilo zito, wiki ya tatu baada ya makochi kufika, kiti cha katikati kilianza kubonyea. Nilipofungua zipu nilikuta sponji moja nyembamba juu, na chini yake vipande vya mabaki vilivyounganishwa kwa gundi. Sponji hupimwa kwa uzito wa kilo kwa mita ya ujazo, na ya kukalia kila siku inapaswa kuwa kilo 30 hivi au zaidi. Ikiwa chini ya 20 haitachukua muda kulala. Tatizo ni kwamba unapoibonyeza kwa kidole karakanani zote mbili hurudi juu, na laini ndiyo hukufurahisha zaidi. Mwenye karakana alibadilisha sponji zote bila kunidai, jambo ninalomshukuru, lakini nauli ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwenda na kurudi ilikuwa juu yangu.

Kosa la vipimo lilikuwa langu mwenyewe. Mlango wetu wa mbele una upana wa sentimita 80 na kochi kubwa lina kina cha sentimita 95, kwa hiyo vijana waliolileta walilazimika kung'oa mlango kwenye bawaba zake na kulipitisha kochi likiwa limesimama wima, majirani wakishauri kutoka kila upande. Tangu siku hiyo nimejifunza kutandika magazeti sakafuni kwa urefu na upana wa samani ninayokusudia kununua, kisha kuishi nayo siku mbili. Utashangaa jinsi meza ndogo ya dukani inavyokuzibia njia ya kwenda jikoni.

Duka la rangi ndilo lililonihudumia vizuri kuliko yote, na wakati huohuo ndilo nililolitumia vibaya kuliko yote. Mashine yake hudondosha rangi za msingi kwa kipimo ndani ya rangi nyeupe, kopo likatikiswa dakika chache, kisha ikachapishwa lebo yenye hesabu ya mchanganyiko ule. Lebo hiyo ni mali. Niliihifadhi, na kopo la ziada nililolihitaji kwa ukuta wa korido lilitoka likifanana na la kwanza, jambo ambalo fundi anayechanganya kwa fimbo ndani ya ndoo hawezi kukuhakikishia hata awe hodari kiasi gani. Angalizo langu pekee kwa duka ni la kiasi. Mhudumu alitaka kuniuzia ndoo ya lita 20. Kuta za chumba chetu zina jumla ya mita za mraba 54, na ukitoa milango na dirisha hubaki kama 46. Ukipiga mikono miwili, yaani ukipaka mara mbili, unapata 92, na lita moja kwenye ukuta laini hufunika mita za mraba 10 hivi. Makopo mawili ya lita 4 na mawili ya lita moja yalitosha. Ni kweli kwamba kwa lita moja moja ndoo huwa nafuu zaidi, lakini rangi iliyobaki stoo hadi ikaganda haina unafuu wowote.

Mhudumu yuleyule alinipa ushauri mzuri kuhusu aina ya rangi. Nilitaka ya silki inayong'aa kidogo, akaniuliza kama ukuta umepigwa skimu, yaani ile lipu laini ya mwisho, vizuri, kwa kuwa mng'ao huonyesha kila bonde na kila alama ya mwiko, hasa taa inapomulika ukuta kwa ubavu. Tukakubaliana isiyong'aa kwa sebule na ya silki kwa korido, ambako watoto hupapasa ukuta na ni lazima paweze kufutwa kwa kitambaa chenye maji. Kuhusu madini ya risasi niliuliza pia, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kilicho salama kwa mtoto. Mhudumu alinionyesha maandishi kwenye kopo bila kusita.

Sasa kosa langu. Nilichagua rangi saa nne asubuhi, nikiwa nimesimama kwenye kizingiti cha duka, nikiangalia kipande cha karatasi kisichozidi ukubwa wa sanduku la kiberiti. Nilichagua kijivu chenye ubluu kidogo. Kilikuwa cha kupendeza sana, na laiti ningekuwa naishi kwenye kizingiti cha duka lile nisingekuwa na la kuandika.

Tufikirie sebule ya mfanyakazi wa jiji hili inaonekana lini. Tunaondoka alfajiri kukimbia foleni, na jua la Dar es Salaam huzama takribani kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo jioni mwaka mzima. Tunaporudi, giza limeingia. Siku tano kati ya saba sebule yangu huonekana kwa mwanga wa taa peke yake, na zile mbili zilizobaki mchana wake hutoka magharibi, ambako jua la saa kumi hugeuza kila kitu kuwa cha rangi ya chungwa. Ukuta hauna mwanga wake. Unarudisha sehemu ya mwanga unaoupokea. Kwa hiyo nilichagua rangi kwa mwanga ambao chumba changu hakiupati kamwe.

Hapo ndipo duka la taa la Kariakoo linapoingia. Kwa wingi wa bidhaa halina mpinzani: taa za kuning'inia, za ukutani, za kuzama ndani ya jipsamu, za mkanda, zote chini ya paa moja na zote zikiwaka. Kuwaka zote kwa pamoja ndiko kunakoharibu. Ubao wa kujaribia balbu ulikuwa na soketi zaidi ya kumi zenye mwanga mchanganyiko, na macho hayawezi kutenganisha upi ni wa balbu ipi. Niliposita, muuzaji akasema, "Chukua hii nyeupe, dada, ndiyo watu wanachukua." Nikachukua nane za wati 9. Kwenye boksi palikuwa na namba ambayo wakati huo sikuijali: 6500 ikifuatiwa na herufi K, yaani kelvini. Namba hiyo ndiyo kila kitu. Balbu ya 2700 au 3000 hutoa mwanga wa manjano tulivu, ya 4000 iko katikati, na ya 6500 ina weupe unaoelekea kwenye ubluu. Wati hazikuambii lolote kuhusu hilo. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi, sawa na ile ya zamani ya wati 60, iwe ya manjano au nyeupe.

Usiku wa kwanza baada ya kuziwasha, mama mkwe alisimama mlangoni akauliza kama tunasubiri kuitwa kwa daktari. Kijivu kilikuwa kimegeuka rangi ya zahanati, mahameli ya kijani yalikuwa karibu kuwa meusi, na mninga, ambao uzuri wake wote uko kwenye wekundu, ulikuwa umepauka kama mbao za boksi. Nilibadilisha balbu kwa za 3000. Mninga ukafufuka papo hapo na kijani kikarudi, lakini ule ubluu wa ukutani ulipokutana na mwanga wa manjano ukawa tope. Ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nilinunua makopo madogo mawili, nikapaka vipande viwili vya plaiwudi vya sentimita 60, nikavihamisha kutoka ukuta hadi ukuta saa mbili usiku, taa mpya zikiwaka na kochi likiwa mahali pake. Rangi ya mchanga mkavu ilishinda bila ubishi.

Nikiwaza baadaye niliona kwamba nyumba za kale za Lamu na Unguja zililimaliza jambo hili kitambo, kwa chokaa nyeupe inayokamata mwanga mdogo unaotoka uani na samani nyeusi kama kitanda cha samadari zikisimama mbele yake. Lakini wajenzi wale hawakuwa na balbu nane kwenye swichi moja. Mimi nilikuwa nazo, na fundi umeme ilibidi azigawe kwa swichi mbili, nne za dari na nne za pembeni, ili jioni tusikae chini ya mwanga wote kwa pamoja. Kati ya fedha zote nilizotumia sebuleni, zile za swichi ya pili ndizo chache kuliko zote na ndizo ninazozifurahia kila siku.

Hukumu yangu kwa duka la taa, basi, ni ya katikati. Bidhaa ni nzuri, na balbu mbili zilizokufa ndani ya mwezi walinibadilishia kwa risiti, ila kwa ushauri sitawategemea tena. Nenda ukijua namba ya kelvini unayoitaka, tafuta pia kwenye boksi alama ya Ra au CRI isiyopungua 80, inayoonyesha jinsi balbu inavyozitendea haki rangi za vitu, na omba balbu yako iwashwe peke yake. Duka la rangi nalipendekeza bila masharti. Karakana ya Keko nitairudia. Nimekwisha kuirudia, kwa kweli, kwani nimeagiza meza ya chakula na viti sita. Safari hii nimempelekea fundi sponji niliyoinunua mwenyewe, upana wa mlango ulioandikwa kwenye karatasi, na kile kipande cha plaiwudi chenye rangi ya ukuta. Tarehe ya kumaliza ameniambia ni wiki mbili.