Kufuta jina la zamani ubavuni mwa boti: msasa au dawa?

Boti ya faiba ina ngozi ya nje, jelikoti, ambayo kwa kawaida unene wake ni kama nusu milimita tu. Hakuna nafasi ya kukosea sana.

Msasa wa maji, namba 600 kisha 1000, hula rangi taratibu na unaona kila hatua. Maji yanayochuruzika hubeba rangi ya herufi. Kwenye boti nyeupe, yakianza kutoka kama maziwa ujue umefika kwenye jelikoti. Acha hapo hapo. Ubaya wake ni vidole: ukikandamiza navyo unachimba vishimo ambavyo jua la jioni litaviumbua vyote. Zungushia msasa kwenye kibao.

Dawa ya kusafishia oveni, ile yenye sodiamu hidroksaidi, hulainisha rangi ya mafuta. Pulizia, subiri dakika chache, kwangua kwa plastiki, suuza kwa maji mengi. Vaa glavu na miwani, maana inaunguza. Kwa boti ya alumini, sahau: inaila. Dawa kali za kubandua rangi za nyumba nazo ziache, zinaweza kulainisha jelikoti yenyewe.

Mimi huanza na dawa, msasa ukamalizia mabaki. Ila kuna kivuli: chini ya herufi jua halikupiga, kwa hiyo jina husomeka hata rangi ikiisha. Dawa hapo haifui dafu. Sugua kidogo eneo la pembeni lililopauka, kisha ung'arishe kwa polishi.